Uzi wa Kahawia

Buti mbili zilikuwa zimekaa juu ya jiwe, ncha zimeelekea ziwani, kamba zimefungwa vizuri. Kando yake palikuwa na kizibao cha rangi ya chungwa kilichokunjwa, na juu ya kizibao simu iliyozimwa. Mwenye vitu hivyo hakuonekana.

Watu wa Liuli walikwisha kutoa hukumu kabla polisi hawajafika. Mgeni wa watu ameingia kuoga, maji yamemchukua. Mitumbwi kadhaa ilikuwa tayari inazunguka kati ya mawe, wanaume wakichungulia chini huku wakichoma maji kwa pondo.

Inspekta Walburga Hyera, mkuu wa upelelezi wa Wilaya ya Nyasa, aliwasikiliza wote, akashukuru, kisha akachuchumaa mbele ya zile buti. Akavaa glavu. Akaigeuza ya kwanza, akaitazama soli, akaigeuza ya pili.

"Koplo Jonas, njoo hapa. Unaona nini?"

Koplo Jonas Msuya, kijana wa Upareni aliyehamishiwa ziwani mwaka uliopita, aliinama.

"Udongo mwekundu, afande. Umekauka."

"Na nini kingine?"

"Sioni kingine."

"Hata mimi sioni. Toka kwenye gari mpaka jiwe hili tumekanyaga nini?"

Jonas alitazama viatu vyake. Mchanga ulikuwa umemganda mpaka kwenye pindo la suruali.

"Mchanga, afande."

"Basi hizi hazikuja kwa miguu. Zimebebwa." Walburga alisimama. "Piga picha zote, uzifunge kwenye mfuko wa vielelezo. Alama za vidole tutazitafuta kwenye simu."

"Niwaambie wa mitumbwi warudi?"

"Waache. Aliyeziweka hapa anataka tumtafute mwenye buti majini. Tusimnyime raha hiyo kwanza."

Pikapu ilikuwa imeegeshwa hatua chache kutoka ufukweni, bampa ya mbele imebonyea. Ndani walikuta kitambulisho cha kazi: Anjelina Kitundu, mhandisi wa kampuni ya mawasiliano, kituo cha Mbinga. Uso wa kwenye picha ulikuwa wa mwanamke kijana aliyejaribu kutotabasamu akashindwa. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Walburga aliketi humo. Miguu yake haikufikia pedali, na buti za mhandisi zilikuwa ndogo kuliko zake.

Mwanamke mmoja mnene alikuwa anamsubiri mlangoni pa gari, mikono kiunoni. Jina lake Mama Hildegardi, mwanika usipa, dagaa wa ziwa hilo.

"Na mimi nina shauri langu, mwanangu. Kichanja changu kimelala chini. Usipa wote umemwagika, mbuzi wanaukanyaga."

"Shikamoo, mama. Kimeangushwa na nini?"

"Marahaba. Na gari hilohilo. Nilikuwa jikoni nawasha moto, jua bado, nikalisikia linakuja polepole kama mtu anayepapasa. Likakigonga. Likarudi nyuma, likakigonga tena. Mtu mwenye macho yake atagongaje mara mbili kichanja kirefu namna ile?"

"Ulimwona dereva?"

"Nilipotoka alikwisha shuka. Niliona mgongo tu. Mrefu, ana koti zito. Nani anavaa koti zito huku kwetu?"

Kwenye kituo cha mabasi waendesha bodaboda walimkumbuka mwenye koti. Alipanda basi la kwanza. Mmoja alisema mzee huyo alisimama mbele ya basi lililoandikwa MBINGA kwa herufi kubwa kama mbuzi, akamuuliza kondakta kama hilo ndilo la Mbinga.

"Alikuwa amelewa?" Jonas akauliza.

"Hata. Alikuwa mtaratibu sana. Kama padri."

* * *

Barabara ya kutoka ziwani kwenda Mbinga hupanda kwa mikunjo, na kila mkunjo huongeza baridi. Ulikuwa mwezi wa Juni, kahawa imeiva, na kwenye miteremko mashimo ya ngolo, yale ya kilimo cha matuta, yalipangana mlima mzima. Walburga aliutazama udongo wa kwenye kingo za barabara. Mwekundu. Uleule.

Kituo cha mawasiliano kilikuwa nyumba ndogo nyeupe yenye mnara nyuma yake. Ndani walikuta watu wawili. Wa kwanza, fundi kijana aitwaye Mansuetus Ndimbo, alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyelia. Alikuwa amepata habari za buti kwa simu. Wa pili alikuwa mzee mrefu, mwenye mvi zilizochanwa vizuri na koti la sufi lililofungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, mzee," Walburga alisema.

"Marahaba, mama. Naitwa Florian Komba. Ni fundi mkuu wa laini hii."

"Mimi ndiye niliyefundishwa naye," Mansuetus aliongeza. "Kebo yote, kutoka hapa mpaka Liuli, aliiunganisha mzee huyu. Anazijua chemba zote, yale mashimo ya maungio ya chini ya ardhi, kama vyumba vya nyumbani kwake Mapera."

Walburga hakulitazama lile koti kwa muda mrefu. Mbinga kila mtu huvaa koti mwezi wa Juni. Akamgeukia kijana.

"Mhandisi alikuja kufanya nini hapa?"

"Kuweka upimaji wa kompyuta, afande. Zamani kiungo cha nyuzi za kioo za ndani ya kebo kikikamilika, fundi anakitazama kwa hadubini, anapima kwa kifaa cha mkononi, anathibitisha kwamba ni kizuri. Sasa kompyuta ndiyo inayopima kila kitu. Vichwa vya nyuzi, maungio, kebo nzima. Haina upendeleo na haichoki. Mhandisi alikuwa bado anaitengeneza. Laini haijaanza kutumika."

"Jana alikwenda wapi?"

"Alisema anakwenda kukagua chemba. Aliondoka na pikapu peke yake, mchana."

"Chemba ipi?"

"Hakusema. Si kawaida yake." Kijana alisita. "Alikuwa hana raha. Majibu ya kwanza ya kompyuta yalikuwa yametoka. Nilimwomba anionyeshe, akasema kuna mtu ambaye lazima azungumze naye kwanza."

"Nani?"

"Hakumtaja."

Mzee Florian alikohoa. "Hiyo mashine ndiyo iliyomchanganya binti wa watu. Haijatulia. Tangu asubuhi inasema uongo. Nimemwambia huyu aizime mpaka aje mtaalamu kutoka Dar es Salaam."

"Inasema uongo gani?"

Mansuetus alimsogezea kiti mbele ya skrini. Mstari wa kijani ulianzia juu upande wa kushoto, ukateremka taratibu kuelekea kulia.

"Hapa tunatuma mwanga ndani ya uzi mmoja, uzi wa kahawia, wa majaribio. Mwanga unakwenda mpaka Liuli. Njiani sehemu yake inarudi, kompyuta inaipima na kuchora. Uzi ukiwa salama, mstari unateremka hivi, polepole. Uzi ukikunjwa mahali, mwanga unavuja pale pale, na mstari unashuka ghafla kama ngazi. Na kompyuta inakwambia umbali."

"Sasa uko salama?"

"Subiri, afande."

Walisubiri. Mstari ukatikisika, na katikati yake ukashuka ngazi moja. Kisha ngazi ikatoweka. Ikarudi. Ikatoweka. Ikarudi mara ya tatu, ikatoweka, na mstari ukatulia.

"Ndivyo inavyofanya toka nimefika," Mansuetus alisema. "Mahali ni palepale. Nilidhani panya wameingia kwenye chemba."

"Panya akila uzi, huurudisha?"

Kijana aliigeukia tena skrini.

Kwenye ukuta feni ya mashine ilivuma. Kisha ngazi ikashuka tena. Ikapanda. Ikashuka. Ikapanda. Ikashuka. Ikapanda. Kimya.

Walburga aliisogelea skrini.

"Huo ni mkono," alisema. "Kuna mtu anaukunja uzi na kuuachia. Anakunja mara tatu, anapumzika. Mansuetus, nani mwingine anajua kwamba mashine hii inautazama uzi huo?"

"Mimi," alijibu kijana. "Mimi na mzee. Na mhandisi."

"Basi mhandisi yu hai, na anakuita wewe toka asubuhi. Yuko wapi?"

Mansuetus alikwisha kuruka kitini. "Kompyuta inasema kilometa ya thelathini na moja. Lakini inapima urefu wa uzi, si wa barabara. Kila chemba ina mizunguko ya kebo ya akiba, milima ina mikunjo yake. Mhandisi alikuwa anaingiza mahali pa kila chemba kwenye kompyuta, hakufika huko. Mzee ndiye anayejua."

Wote wakamgeukia mzee Florian. Alikuwa amesimama karibu kabisa na skrini, uso umeielekea.

"Inashuka wapi?" aliuliza.

"Thelathini na moja, mzee. Si unaona?"

"Thelathini na moja." Alipangusa uso kwa kiganja. "Hiyo ni chemba ya darajani. Ukishamaliza mashamba ya kahawa, kabla ya mteremko mkubwa."

"Una hakika?" Walburga aliuliza.

"Niliichimba mimi."

"Basi twende wote, fundi. Utatuonyesha. Mansuetus, usibanduke hapo. Simu yako iwe wazi. Ngazi ikishuka, niambie. Isiposhuka, niambie pia."

* * *

Jonas aliendesha kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Nyuma, mzee Florian alikaa wima, mikono juu ya magoti. Walburga aliiweka simu sikioni njia nzima.

"Imeshuka," Mansuetus alisema. "Mara tatu. Imetulia."

Wakapita wachumaji wa kahawa waliokuwa wamejitwika vikapu. Wakapita lori la mahindi.

"Imeshuka tena. Afande, safari hii ni mara mbili tu."

"Anachoka," Walburga alisema. "Jonas, ongeza."

Chemba ya darajani ilikuwa kando ya barabara, mfuniko wake wa zege umeota magugu pembeni. Mzee aliionyesha kwa kidole. Jonas alichomeka mtaimbo, akauinua mfuniko, akajitupa kifudifudi ukingoni.

"Hakuna mtu, afande."

Maji machafu kidogo, mizunguko ya kebo nyeusi ukutani, na kasha la maungio. Basi. Magugu yale yalikuwa hayajakanyagwa kwa miezi.

Jonas alipiga ngumi chini. Walburga hakuhangaika. Alikuwa amefikiria njiani.

"Mansuetus, nikiukunja uzi hapa, utaona mahali nilipo?"

"Nitaona, afande. Na nitaona uko mbali kiasi gani kutoka kwake. Lakini lazima uwe uleule wa kahawia. Mwingine haupimwi."

"Fundi, shuka. Fungua kasha, ukunje uzi wa kahawia."

Mzee aliteremka. Vidole vyake vilikwenda kwenye vibano vya kasha bila kusita, vikavifungua, vikaingia ndani. Walburga alishuka nyuma yake. Nyuzi zilikuwa nyembamba kama nywele, kila moja na rangi yake: bluu, chungwa, kijani, kahawia, nyeupe. Mzee hakuzitazama. Alikuwa ameinua uso kuelekea ukutani, kama mtu anayesikiliza, na vidole vikihesabu uzi mmoja baada ya mwingine. Vikashika mmoja. Vikaukunja.

"Mansuetus?"

"Sioni kitu."

"Kunja zaidi, fundi."

"Bado, afande. Ameshika uzi gani?"

Walburga aliutazama. "Kijani."

"Nimesema wa kahawia."

"Huu ndio wa kahawia," mzee alisema.

Ndani ya chemba palikuwa na mwanga wa kutosha kusomea gazeti. Walburga alimtazama yule mtu usoni. Katikati ya mboni zake palikuwa na ukungu mweupe, mwepesi, kama pumzi kwenye kioo. Kichanja kilichogongwa mara mbili. Basi lenye herufi kubwa. Skrini aliyoikaribia akauliza mstari unashuka wapi.

Hakumwambia lolote. Alinyoosha mkono, akautoa uzi wa kahawia, akaupinda kwenye kidole chake.

"Nimekuona," Mansuetus alipaza sauti kwenye simu. "Nimekuona, afande. Uko nyuma. Yeye yuko mbele yako, kilometa moja hivi, upande wa ziwani. Ngazi yako iko huku, yake ilikuwa kule."

"Ilikuwa?"

Vidole vya Mansuetus vilisikika vikigonga kibodi.

"Haijashuka tena tangu mlipofika hapo. Mkono umesimama, afande."

Walburga alipanda juu kwa pupa, goti likichubuka kwenye zege. Jonas alimvuta mzee nje kwa mkono.

"Fundi Florian," Walburga alisema, "kuna chemba nyingine mbele?"

Mzee alinyamaza.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Kila dakika unayonyamaza inaandikwa juu yako."

Mzee alielekeza kidole mbele. "Kwenye mashamba ya ngolo," alisema. "Juu ya barabara, si chini. Kuna msufi ulioanguka."

"Mfunge pingu," Walburga alimwambia Jonas. "Twende."

Waliuona msufi ule kabla gari halijasimama. Walipanda mteremko wakikimbia juu ya matuta, wakiruka mashimo, udongo mwekundu ukiwaparamia miguuni. Mahali pa chemba palikuwa na rundo la mabua ya mahindi, na chini ya mabua mawe, makubwa kwa madogo, na chini ya mawe mfuniko. Wanaume watatu waliokuwa wakilima shamba la jirani walitupa majembe wakaja mbio bila kuitwa. Mawe yaliruka huku na huku. Jonas akachomeka mtaimbo. Mfuniko ukalia, ukainuka, ukapinduka.

Anjelina Kitundu alikuwa ameegemea ukuta, peku, mguu mmoja umevimba na kukaa vibaya. Damu ilikuwa imemkaukia kwenye paji la uso. Kasha la maungio lilikuwa wazi mapajani mwake, na nyuzi zote amezishika katika ngumi moja. Macho yalikuwa yamefumba.

Jonas aliruka ndani. Akaweka vidole shingoni. Juu, wakulima waliinama ukingoni.

"Yu hai," alisema. Kisha akarudia, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka vizuri. "Yu hai, afande."

Mguso ule ulimzindua mhandisi. Alitazama sare ya polisi, akatazama mbingu iliyofunguka juu yake.

"Mansuetus hakuizima," alisema kwa sauti kavu kama jani.

"Hakuizima, dada."

"Gizani rangi hazionekani. Nimezikunja zote."

Walburga alikuwa bado na simu mkononi. Upande wa pili kijana alikuwa anauliza, anauliza tena. Akamwekea mhandisi ile simu sikioni, na Anjelina akasikia kilio cha mtu mzima, akacheka kidogo, akazimia tena. Wakulima wakambeba kwa turubai mpaka barabarani, wakipokezana, na mmoja wao, mwalimu wa kwaya, akawa anaimba njia nzima bila kujijua.

* * *

Hospitali ya Mbinga ilithibitisha kuwa mfupa wa mguu umevunjika na jeraha la kichwani halikufika ndani. Atapona. Alama za vidole zilizopatikana kwenye simu zililingana na za mtuhumiwa. Alasiri ileile Inspekta Walburga alikaa mbele ya mzee Florian katika chumba cha mahojiano, Koplo Jonas akiandika maelezo ya onyo.

"Unajua haki yako ya kunyamaza?"

"Najua. Nimenyamaza vya kutosha."

"Macho yako yalianza lini?"

Mzee hakutegemea swali hilo liwe la kwanza.

"Ni mwaka wa pili huu. Yalianza na vitu vidogo. Uzi ukawa ukungu. Rangi zikafanana. Nikasema ni uchovu."

"Ukaendelea kuthibitisha kazi."

"Naweka jicho kwenye hadubini, naona maziwa. Nasema, kiko safi. Nani angebisha? Mimi ndiye niliyewafundisha wote. Vidole vyangu vilikuwa bado vinajua."

"Vidole havikutosha."

"Havikutosha. Kompyuta ilipopima, maungio yangu ya mwaka huu yakafeli, moja baada ya jingine. Yale ya zamani yote yakafaulu." Aligonga meza kwa kidole. "Yote ya zamani yalifaulu, mama. Liandikwe hilo."

"Limeandikwa. Mhandisi akakufuata."

"Alinifuata nyumbani, hakutaka kijana ajue. Akasema, tukatazame pamoja, fundi, labda mashine imekosea. Tukaenda kwenye ngolo. Akafungua kasha, akaniambia, nipe uzi wa kahawia."

"Ukampa wa kijani."

"Sijui nilimpa upi. Aliutazama. Akauchukua taratibu mkononi mwangu. Akasema, baba, huoni."

Jonas aliacha kuandika. Walburga akampa ishara aendelee.

"Alikutukana?"

"Angenitukana ningemshukuru. Alinihurumia. Akasema atanipeleka kwa daktari wa macho, atazungumza na wakubwa wanipe kazi ya kukaa. Nimelaza kebo milimani huku watu wakisema haiwezekani. Nikipita kanisani Mapera, watu husimama kunisalimu. Nikajiona nimekaa kwenye benchi, mtoto ananishika mkono kunivusha barabara, na watu wanaulizana, kumbe maungio yale aliyafunga kipofu."

"Ukafanya nini?"

"Nilitoka wa kwanza. Yeye akawa anapanda ngazi. Nikaisukuma ngazi. Sikupanga. Mkono ulikwenda tu."

"Sawa. Ngazi ulisukuma kwa hasira. Lakini ukashuka tena."

"Nikashuka."

"Ukamvua buti, kizibao na simu. Ukavipeleka Liuli ili tuseme amezama. Hiyo si hasira, mzee. Hiyo ni akili."

"Ni akili."

"Na asubuhi Mansuetus alipokwambia mstari unacheza, ulielewa nini?"

Nje ilisikika kengele ya baiskeli ikipita.

"Nilielewa."

"Ukamwambia aizime."

"Nikamwambia aizime."

"Ulidhani amekufa ulipomfunika?"

"Nilidhani amekufa," alijibu.

Walipomaliza, Jonas alimsomea maelezo yake yote, kwa kuwa hakuweza kuyasoma mwenyewe. Alisoma kwa sauti moja, bila kupamba. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, akiitikia kila sentensi. Jonas alipofika mahali palipoandikwa, *nikadhani amekufa, nikarudisha mfuniko*, mzee aliinua kiganja.

"Hapo pafute."

"Pana kosa gani?" Walburga aliuliza.

"Pana uongo." Alishusha kiganja. "Nilipokuwa namvua buti ya pili, alizindukana. Hakupiga kelele. Alisema, baba, nishike mkono."

Jonas aliyashusha maelezo mezani.

"Huenda hukumwona vizuri," Jonas alisema, na mara akajuta kusema.

"Vidogo na vya mbali ndivyo visivyoonekana, kijana. Alinyoosha mkono mpaka hapa." Mzee alionyesha kifua chake. "Mkono ule niliuona. Niliona hata vidole vikitetemeka. Nikapanda ngazi, nikaivuta juu, nikafunika."

Jonas alimtazama inspekta wake. Walburga aliuvuta ule ukurasa, akaikata kwa mstari sentensi ya uongo, akamrudishia kalamu.

"Andika," alisema.